Weka Hoja Kabla ya Kuweka Jalada

Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Imeandikwa kutokana na rekodi ya sauti. Pale nilipojirudia nimepunguza.

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mstari wa mbele, ndugu wanafunzi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote habari za mchana.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie uandishi wa tasnifu. Mambo ya pambizo, ukubwa wa herufi na mtindo wa marejeleo nimewaachia wenzangu watakaonifuata. Wanayajua kuliko mimi, na wana subira kuliko mimi. Mimi nimekuja na neno moja tu, neno ambalo huko kwenye vimbweta nalisikia kila nikipita. "Thesis yangu haiendi." "Thesis iko kwa msimamizi tangu Februari." "Nikimaliza thesis naoa." Sikilizeni sentensi hizo. Katika zote thesis ni mzigo: unakwama, unapelekwa kwa mtu, unarudishwa, siku moja unatuliwa. Ni furushi la karatasi lenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu mgongoni.

Ninapinga matumizi hayo, na nitasema kwa nini. Dai langu ni hili: kwa sehemu kubwa ya maisha yake, neno thesis lilikuwa jina la kauli. Sentensi moja, ambayo mtu anaiweka mbele ya wenzake akijua fika kwamba watamvamia. Kitabu kimekuja juzi. Na dai la pili, linalouma zaidi: tasnifu nyingi ninazoletewa nizihariri lugha ni vitabu ambavyo ndani yake hamna thesis. Naona wengine wameshakunja uso. Vizuri, subirini zamu yenu.

Tuanze Ugiriki. Kuna kitenzi cha Kigiriki, tithēmi, maana yake "naweka". Kutokana nacho likapatikana thesis: tendo la kuweka, au mahali na namna kitu kilivyowekwa. Neno la kawaida kabisa, la sokoni. Mtunga sheria aliitwa nomothetēs, mweka sheria. Mtoto wa kulea aliitwa thetos, yaani aliyewekwa kuwa mwana. Ndiyo maana Mtume Paulo anapowaandikia Warumi anatumia neno huiothesia, ambalo Biblia yetu ya Union imelifasiri "roho ya kufanywa wana". Thesis ile ile mnayoiogopa, imo katika Warumi sura ya 8, aya ya 15, na mmeisoma tangu Sunday school bila kuitambua.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa, na nusu yake mnauishi kwa Kiswahili. Sunthesis, kuweka pamoja: ndiyo usanisi, na ndiyo hiyo usanisinuru mliyochora kwa rangi ya kijani darasani, jani na jua na mishale. Prosthesis, kuongezea: daktari anaita mguu wa bandia kwa jina hilo. Parenthesis, kuchomeka kando: ndiyo mabano. Hupothesis, kilichowekwa chini ili kingine kisimame juu yake: vitabu vyetu vinaita haipothesia, au nadharia tete, jina ambalo mimi nalipenda kwa sababu ya hilo "tete". Kuna hata thēkē, chombo au mahali pa kuwekea. Wagiriki wakasema bibliothēkē, mahali pa kuwekea vitabu, na Wafaransa karne nyingi baadaye wakaigiza mfano huo wakasema discothèque, mahali pa kuwekea santuri. Sisi tulipolipokea tukakata mkia, tukabaki na disko. Kwa hiyo mwanafunzi anayetoroka thesis Ijumaa usiku kwenda disko, kwa mujibu wa etimolojia, hajafika mbali.

Wachezaji na wanamuziki nao walikuwa na thesis yao. Mguu ukiinuka katika mapigo waliita arsis. Mguu ukishuka na kukanyaga, thesis. Ni kile kishindo. Baadaye wanasarufi wa Kilatini wakaacha mguu wakashika sauti: sauti kupanda ndiyo arsis, kushuka ndiyo thesis. Kwa kuwa kishindo ndicho chenye mkazo, na sauti hupanda penye mkazo, maana zikageuka juu chini, na mpaka leo ukisoma vitabu viwili vya arudhi ya kale unaweza kukuta kimoja kinaita thesis kile ambacho kingine kinaita arsis. Wanaoandika juu ya mizani ya ushairi wawe macho hapo.

Wanaisimu msisinzie, ninyi mna yenu. Wagiriki walibishana kama majina ya vitu yanatokana na maumbile ya vitu vyenyewe, au yaliwekwa tu na watu. Upande wa kwanza ukaitwa physei, kwa maumbile. Upande wa pili ukaitwa thesei, kwa kuwekwa. Mnachokiita leo unasibu wa ishara ni upande wa pili uliovaa suti ya Saussure, yule mwanaisimu wa Uswisi.

Sasa tuje kwenye maana inayotuhusu. Aristotle, katika kazi yake kuhusu ufundi wa mabishano, iitwayo Topika, anaeleza thesis ni nini kwa maneno ambayo ningependa yabandikwe mlangoni kwa kila msimamizi. Anasema thesis ni rai ya mwanafalsafa mashuhuri inayokwenda kinyume na rai ya watu wengi. Anatoa mifano mitatu: Heraclitus kusema kwamba vitu vyote viko mwendoni, Melissus kusema kwamba kilichopo ni kimoja tu, na Antisthenes kusema kwamba haiwezekani watu kupingana. Huyu wa tatu ananifurahisha, maana lazima alisimama mbele ya watu akawabishia kwamba kubisha hakuwezekani.

Kisha Aristotle anaongeza, kwa kiburi chake, kwamba mtu yeyote tu akisema jambo la kinyume ni upuuzi kumjali. Mngekuwa mmekwisha hapo, maana humu ndani sijaona mwanafalsafa mashuhuri. Lakini anafungua mlango wa pili: hata rai isiyo na mwenyewe mashuhuri inaweza kuwa thesis, ikiwa inapingana na mazoea na tuna hoja ya kuisimamisha. Mlango huo wa pili ndio wenu. Na angalieni masharti yake. Lazima jambo liwe linapingika, na lazima uwe na hoja. Jambo ambalo kila mtu analikubali tangu asubuhi, kwa Aristotle, halina sifa ya kuitwa thesis.

Karne ya pili kabla ya Kristo akaja Hermagoras wa Temnos, mwalimu wa balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, akatenganisha vitu viwili. Swali la jumla, lisilotaja mtu wala mahali, ni thesis. Swali linalomhusu mtu fulani katika hali fulani ni hupothesis. Quintilian, mwalimu wa Kirumi aliyekuja baadaye, anatupa mfano mwepesi: "Je, mtu aoe?" ni la aina ya kwanza, "Je, Cato aoe?" ni la aina ya pili. Vijana wa Kigiriki na wa Kirumi walifanyishwa zoezi hilo shuleni kwa karne nyingi, na hilo swali la kuoa lilikuwa maarufu kiasi kwamba Aphthonius alipoandika kitabu cha mazoezi ya balagha ndilo alilolichagua kuwa mfano.

Nani humu hakupita humo? Mmesahau mdahalo wa shule ya sekondari? Bweni A dhidi ya Bweni B, mtunza muda na kengele yake, mwalimu wa zamu amekaa nyuma na fimbo mapajani, na ubaoni kwa chaki: "Maisha ya kijijini ni bora kuliko maisha ya mjini." Ile sentensi ya ubaoni ndiyo thesis. Haikuwa na kurasa 200. Ilikuwa na nukta moja mwishoni, na kila aliyekuwa ukumbini alijua yuko upande gani. Halafu mtoto huyo huyo aliyekuwa akitoa hoja mpaka jasho linamtiririka anafika chuo kikuu, anaambiwa aandike thesis, anasahau kwamba inatakiwa kuwe na upande.

Mdahalo haukubaki Ugiriki. Katika madrasa za Baghdad na kwingineko wanafunzi wa sheria walifundishwa munadhara, kujadiliana juu ya masuala yenye hitilafu. Mtu alifika mahali pa kupewa ijaza, yaani idhini, ya kufundisha baada ya kuonyesha kwamba anaweza kusimama na kauli yake. Mnaotoka Lamu, Mombasa na Unguja, ijaza si neno geni kwenu. Mwanahistoria George Makdisi, katika kitabu alichokichapisha 1981, alidai kwamba shahada ya udaktari ya Ulaya ina mizizi katika mfumo huo. Wenzake wengi walimbishia na bado wanambishia, jambo ambalo linaonyesha tu kwamba alikuwa na thesis.

Vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati viliita kitu hicho disputatio. Swali linawekwa. Mmoja anatoa jibu na kulilinda, mwingine anashambulia, na mwalimu mwishoni anaamua. Yote kwa mdomo, kwa Kilatini, mbele ya watu. Karatasi ilikuwa tangazo: siku fulani, mahali fulani, fulani atalinda kauli zifuatazo. Mwaka 1486 kijana wa Kiitaliano wa miaka 23, Giovanni Pico della Mirandola, alichapisha kauli 900. Mia tisa! Akaalika wasomi waje Roma kuzibishania, na akaahidi kuwalipia nauli wasio na uwezo. Papa Innocent wa Nane akazuia mjadala usifanyike. Mkiona bodi ya mikopo imewachelewesha, kumbukeni kulikuwa na zama ambazo mwanafunzi ndiye aliyekuwa akiwalipia wapinzani wake.

Aliyelifanya neno hili lijulikane hadi vijijini ni Martin Luther. Tarehe 31 Oktoba 1517 alimpelekea Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz kauli 95 dhidi ya biashara ya vyeti vya msamaha wa adhabu za dhambi. Picha mnayoijua ni ya mtawa na nyundo mlangoni pa kanisa la Wittenberg. Picha hiyo tumeipata kwa Melanchthon, mwenzake Luther, ambaye siku hiyo hakuwepo mjini, na tangu 1961 mwanahistoria Erwin Iserloh alipoitilia shaka wataalamu hawajaelewana. Nyundo tuiache. Someni karatasi yenyewe. Zote 95 ziliingia kwenye karatasi moja ya kubandika. Na utangulizi wake ni tangazo la kawaida la chuo: anayetaka kujadili aje, na asiyeweza kuja aandike barua.

Kuna jambo moja humo ambalo wengi hawalioni. Kauli ya 71 inasema anayepinga ukweli wa misamaha ya papa alaaniwe. Luther huyo huyo! Watu wanashtuka kwa sababu wanazisoma kauli zile kama imani yake ya mwisho, iliyopigwa muhuri. Hazikuwa hivyo. Ziliwekwa mezani zipimwe, nyingine za kusukuma huku, nyingine za kusukuma kule, na yeye mwenyewe miaka iliyofuata aliziacha baadhi nyuma. Sasa sikilizeni Walutheri wetu wanaziitaje. Wanasema "hoja 95". Sijawahi kusikia mchungaji akihubiri juu ya tasnifu 95. Lugha yetu ilishajua tofauti kabla ya sisi wasomi kuivuruga, na hapo nitarudi baadaye.

Nibaki Wittenberg kidogo, maana chuo hicho hicho kilishuhudia Mwafrika akisimama na thesis yake, na ninyi hamjafundishwa habari zake. Anaitwa Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa yapata 1703 karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto na kutolewa zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel. Zawadi, kama unavyompa mtu mbuzi. Walimsomesha. Mwaka 1729, katika Chuo Kikuu cha Halle, alisimama kulinda hoja juu ya haki za watu weusi walioko Ulaya. Maandishi yake hayajaonekana; tulichobaki nacho ni muhtasari uliochapwa katika gazeti la mji, kwamba alijenga hoja yake juu ya sheria ya Kirumi: wafalme wa Afrika waliwahi kutambuliwa na makaisari, basi kwa msingi gani watu wao wanafanywa watumwa na Wakristo? Mwaka 1734, Wittenberg, akalinda nyingine, ya falsafa: kwamba akili ya mwanadamu haina hisi, hisi ni za mwili. Humo anamshika shati Descartes, mwanafalsafa wa Kifaransa. Baadaye alifundisha Halle na Jena, kisha akarudi kwao.

Miaka minane baada ya hapo, 1742, Mwafrika mwingine alisimama Leiden, Uholanzi. Jacobus Capitein. Huyu naye aliuzwa mtoto, akapelekwa Uholanzi 1728, akasomeshwa theolojia. Thesis yake, kwa Kilatini safi: utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Naona mmenyamaza. Mtu aliyekuwa mtumwa analinda hoja kwamba utumwa unaruhusiwa. Waholanzi waliipenda, ilitafsiriwa na kuchapwa tena na tena mwaka ule ule. Capitein akatumwa kuwa mchungaji Elmina, ngome ya wafanyabiashara wa watumwa, na akafia huko 1747, kijana bado.

Sikuwaletea hawa wawili ili tumpige mawe mmoja na kumvisha shada mwingine. Nimewaleta kwa sababu, karibu miaka 300 baadaye, ninaweza kuwaeleza kila mmoja alisema nini kwa sentensi moja, na sentensi hizo mbili bado zinagongana. Hiyo ndiyo maana ya kuweka. Ile ya Amo ya 1729 hata karatasi hatuna, lakini thesis tunayo. Sasa nichukulie tasnifu ya mwaka jana kwenye rafu ya maktaba yetu, karatasi zote zipo, jalada linang'aa, halafu niambie kwa sentensi moja mwandishi amesema nini.

Kauli ziligeukaje kitabu? Polepole, na kwa njia za ajabu. Karne ya 18 Uswidi, profesa ndiye mara nyingi aliyeandika, na mwanafunzi alilipia uchapaji na kusimama kulinda. Chini ya Carl Linnaeus, yule aliyepanga majina ya mimea na wanyama, zilitetewa tasnifu 186, nyingi zikiwa mawazo yake mwenyewe. Mnaolalamika kwamba wasimamizi wanaweka majina yao kwenye makala zenu, mmewahiwa. Linnaeus mwenyewe alipata udaktari Harderwijk, Uholanzi, 1735, katika siku chache tu, kwa kazi juu ya chanzo cha homa za vipindi, tunazoziita leo malaria. Alidai homa hizo zinatokana na udongo wa mfinyanzi. Hakuwa sahihi hata chembe. Lakini aliweka: ukisema udongo, mtu mwingine anaweza kwenda kuangalia penye udongo na pasipo udongo. Angesema "homa husababishwa na mambo mbalimbali", kama wengi wenu mnavyoandika, asingekosea, na pia asingesema kitu.

Kisha ikaja karne ya 19 na Wajerumani. Chuo Kikuu cha Berlin, kilichofunguliwa 1810, kikashika wazo kwamba msomi ni mtu anayeongeza maarifa mapya, na anayaongeza kwa kuandika. Kuongea kukawa sherehe, kuandika kukawa kazi. Mtindo ukasafiri. Yale walitoa PhD za kwanza za Marekani 1861, tatu kwa mpigo. Moja ilikuwa kurasa sita za mwandiko wa mkono, kwa Kilatini. Msiitumie hiyo kumjibu msimamizi. Oxford walikubali shahada hiyo 1917 tu, katikati ya vita. Ufaransa walidai thesis mbili, na ya pili mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa kwa Kilatini. Durkheim, mwanasosiolojia, aliandika ya kwanza juu ya mgawanyo wa kazi katika jamii, na ya Kilatini juu ya Montesquieu. Katika kuhamahama huko majina nayo yakavurugika: Marekani kazi ya udaktari huitwa dissertation na ya uzamili thesis, Uingereza kwa kawaida ni kinyume chake. Wanafunzi wetu wanaosoma kwa ufadhili wa huku na wa kule wanarudi wakibishana juu ya hilo. Ni kupoteza muda.

Huku kwetu pia kuna mfano wa kazi ya darasani iliyokuwa na upande. Jomo Kenyatta aliandika kazi yake London chini ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, ikachapishwa kuwa kitabu 1938. Ukiisoma sura ya ardhi utaona mtu amesimama: anadai kwamba ardhi ya Wagikuyu ilikuwa na wenyewe, ikiwa na utaratibu wa kurithi na kupanga, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa ikizungumza kana kwamba haikuwa ya mtu. Unaweza kumbishia mambo mengi humo, na wengi wamembishia. Lakini hutafunga kitabu ukajiuliza anasema nini.

Zipo nchi ambazo mdomo na nyundo havijafa. Uswidi, wiki chache kabla ya utetezi, mtahiniwa hutoboa tundu kwenye kona ya kitabu chake na kukigongomea kwenye ubao wa chuo kwa msumari, ili kila mpita njia aweze kukifunua na kuja kumpinga. Leo nakala huwekwa mtandaoni pia, lakini msumari wanapigilia vile vile. Uholanzi wana jambo ninalolipenda zaidi. Tangu zamani mtahiniwa hutoa, pamoja na kitabu chake, karatasi moja yenye kauli fupi fupi, zinaitwa stellingen, neno linalotokana na kitenzi chao cha kuweka. Kauli kadhaa zinahusu utafiti wake, kadhaa ziko nje kabisa ya fani yake, na ya mwisho kwa desturi huwa ya utani. Yeyote kwenye jopo anaweza kumuuliza yoyote kati ya hizo. Muda ukiisha anaingia mtumishi wa chuo na fimbo ya sherehe, anatamka Hora est, saa imefika, na hata kama ulikuwa katikati ya sentensi unanyamaza. Vyuo vingine vya huko vimeanza kuiacha ile karatasi. Naona ni hasara.

Sasa Kiswahili. Neno tulilochagua ni tasnifu. Limetoka Kiarabu, taṣnīf, kupanga kwa aina na kutunga kitabu. Ni ndugu wa sanifu, msanifu na usanifu. Ni neno zuri, lina harufu ya fundi. Ila tazameni linaanzia wapi. Neno la Kigiriki linaanzia kwenye kuweka jambo moja. La kwetu linaanzia kwenye kupanga mambo mengi. Basi mwanafunzi wetu anapanga. Anapanga vizuri sana! Fungua tasnifu yoyote: uthibitisho, ikirari, hakimiliki, tabaruku, shukurani, ikisiri, yaliyomo, orodha ya majedwali, orodha ya vifupisho. Ikirari yenyewe ni neno la mbele ya kadhi, la mtu anayekiri kwa ulimi wake. Unakiri kwamba kazi ni yako na haijawasilishwa chuo kingine. Hakuna ukurasa unaokutaka ukiri unadai nini.

Nikupeni mfano, sitataja mtu, na nimebadilisha mada. Kichwa: matumizi ya methali katika riwaya fulani. Lengo kuu: kuchunguza matumizi ya methali katika riwaya hiyo. Malengo mahususi: kubainisha methali zilizotumika, kuchambua dhima za methali hizo, kueleza kwa nini mwandishi amezitumia. Matokeo, ukurasa wa 140: utafiti umebaini kuwa methali zimetumika, kwamba zinaelimisha, zinaonya na zinaburudisha. Nani atasimama kumpinga huyu? Hata bibi yangu asiyejua kusoma angesema "ndiyo". Methali huonya. Tulijua.

Lakini data yake ilikuwa nzuri. Alikuwa na jedwali, na nilipolipitia kwa kalamu ya risasi niliona kitu ambacho yeye mwenyewe hakukiandika: karibu methali zote zilikuwa zimewekwa kinywani mwa wahusika wanaodanganya. Tajiri anayedhulumu shamba anazo. Mjomba anayemwoza binti kwa nguvu anazo. Binti hana hata moja. Nikamwandikia pambizoni: je, huwezi kudai kwamba katika riwaya hii methali ni silaha ya wakubwa dhidi ya wadogo, na kwamba mwandishi anaitilia shaka hekima ya wazee badala ya kuitukuza? Hiyo sasa inapingika. Kuna walimu wawili humu ndani ambao wangeinuka saa hiyo hiyo. Naye angekuwa na kurasa 140 za kujibia.

Wengine mtasema: mwalimu, jopo litanila. Na litakula kweli. Ndiyo maana tendo lenyewe linaitwa utetezi. Huwezi kutetea kitu ambacho hakuna anayekishambulia.

Ombi langu kwa idara, kama wakubwa mtalipokea, ni dogo na halina gharama. Tuwe na maneno mawili. Kitabu kiendelee kuitwa tasnifu. Ile kauli kuu iitwe hoja, kama Walutheri walivyotufundisha, na mwanafunzi asiruhusiwe kwenda uwandani kabla hajaiandika hoja ya awali kwa sentensi moja isiyo na neno "mbalimbali". Atairekebisha akirudi. Ikishindwa kabisa, aandike kwamba imeshindwa na kwa nini. Hayo nayo ni matokeo.

Kabla sijakaa, nami nimejiandikia karatasi yangu kwa desturi ya Waholanzi, isije ikaonekana nawataka mfanye nisilolifanya. Ya kwanza mmeshaisikia: kwamba thesis ni kauli, na kitabu ni ghala lake tu. Ya pili: kwamba sura ya mapitio ya maandishi, kwa jinsi tunavyoiandika sasa, inamfundisha mwanafunzi kukubaliana na kila mtu, na ingefaa ifupishwe kwa nusu. Ya tatu iko nje ya fani yangu: kwamba midahalo ya sekondari imefanya kazi kubwa kuliko mitihani katika kutupatia wanasheria. Na ya mwisho, ya utani: kwamba ukurasa wa shukurani ndio pekee ambao ndugu zako watausoma, basi uhakiki majina ya shangazi zako kuliko unavyohakiki nadharia.

Mwenyekiti, nimemaliza. Anayetaka kupinga aanze na ya pili, hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.